Usione Vyaelea: Habari ya Televisheni Katika Boti la Kalundu

Watu wengi husafiri katika ziwa letu la Tanganyika, lakini wachache huuliza jinsi vyombo wanavyovipanda vilivyotengenezwa. Mtu hupanda ubao, huweka kikapu chake, hutafuta mahali pa kukaa, basi. Akiona taa inawaka, hufurahi. Akiona televisheni inaonyesha picha, hufurahi zaidi. Lakini wazee wa pwani walisema zamani: Usione vyaelea, vimeundwa. Maneno hayo yalisemwa juu ya merikebu, nasi twaona yafaa kusemwa pia juu ya kila kitu kidogo kilichofungwa ndani ya merikebu.

Twaandika habari hii kwa ajili ya jamaa zote zinazosafiri kwa maji, na kwa ajili ya wanafunzi wanaopenda kujua kazi za ufundi. Sisi ni mafundi wanne wa Uvira. Riziki yetu ni kutengeneza redio, taa za jua na televisheni. Mwezi wa Julai 2023 tuliitwa Kalundu, bandari ya mji wetu, tuondoe televisheni ya zamani katika boti moja la mbao na kuweka mpya. Mwenye boti alisema ni kazi ya asubuhi moja. Ikachukua siku nne, na siku mbili za kwanza hatukushika hata bisibisi. Tulikuwa tukishauriana tu. Mashauri hayo ndiyo hasa tunayotaka kuwasimulia.

ZIWA NA VYOMBO VYAKE

Kwanza yafaa kukumbuka ni maji gani tunayoyasema. Ziwa la Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal peke yake, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Sisi wa Uvira tunakaa kwenye ncha yake ya kaskazini, pale mto Ruzizi unapoingia. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakapata habari hapa kwamba Ruzizi hauchukui maji ya ziwa, bali huyaleta. Katika siku zile watu walivuka kwa makasia na kwa matanga, wakingojea upepo mwema. Mwaka 1885 wamisionari wa London walishusha majini chombo chao cha mvuke kiitwacho Good News. Mwaka 1915 Wajerumani walishusha Graf von Götzen pale Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikaopolewa baadaye, na tangu mwaka 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba.

Maboti tunayoyasema hapa hayana fahari ya meli hizo. Ni vyombo vya mbao, vyenye mashine nyuma na sitaha juu, navyo huchukua watu na mizigo pamoja. Kutoka Kalundu hadi Kalemie ni karibu kilometa 300. Njiani kuna Mboko, kuna Baraka, kuna rasi ndefu ya Ubwari, na sehemu kubwa ya safari huwa usiku. Humo utawakuta akina mama wachuuzi na magunia yao ya ndagala, wanafunzi wanaorudi shuleni, wagonjwa wanaokwenda kutafuta dawa, na watoto wachanga mgongoni. Barabara ya kando ya ziwa huharibika sana wakati wa mvua, na kwa sababu hiyo maji yamekuwa njia ya watu wengi.

Usiku ni mrefu, nao watu waliobanana huchoka na kugombana. Hapo mwenye boti aliona faida ya televisheni. Wala hatumlaumu. Mtoto aliyekuwa akilia hunyamaza akiona picha, na mtu mwenye hofu ya maji husahau hofu yake kwa saa mbili.

JINSI TELEVISHENI ILIVYOTUFIKIA

Chombo hiki si cha zamani sana katika nchi zetu. Kenya ilianza kuonyesha televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Kinshasa mwaka 1966. Bujumbura, mji ulioko ng'ambo yetu, ulipata ya kwake mwaka 1984, na mawimbi ya angani hayaulizi hati za mpakani. Lakini ndani ya boti habari ni nyingine. Dishi la setilaiti hutaka kuelekezwa mahali pamoja bila kutikisika, na boti halikai mahali pamoja hata dakika moja. Basi, maboti karibu yote hutumia fulashi iliyojazwa filamu, nyimbo za kwaya na michezo ya mpira. Hivyo kazi ya kutafuta mawimbi haikutuhusu. Kazi yetu ilikuwa umeme, mbao na chuma, pamoja na jambo la nne ambalo nahodha alitufundisha.

TELEVISHENI YA ZAMANI

Televisheni tuliyoikuta ilikuwa ya namna ile yenye mgongo mrefu na kioo kizito, upana wake inchi 21. Tuliipima kwa mizani ya sokoni: kilo 23. Iliwekwa ndani ya sanduku la mbao ubavuni mwa boti, upande wa kushoto karibu na ngazi, ikafungwa kwa kamba. Rangi zake zilikuwa zimeharibika. Nyuso za watu zilionekana za zambarau upande mmoja. Sababu yake ilikuwa wazi kwetu, maana spika kubwa ya muziki ilikuwa imewekwa ubavuni pake, na sumaku ya spika huvuruga rangi katika vioo vya namna ile.

Rangi mbaya ni jambo la kuvumilika. Mabaharia walitusimulia jambo lisilovumilika. Katika miezi ya Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu katika ziwa, na mawimbi yake hukua njia nzima kuja kwetu kaskazini. Usiku mmoja wa upepo huo kamba ililegea, sanduku likaruka, televisheni ikaanguka kwenye mkeka ambapo mtoto alikuwa amelala dakika chache kabla. Mama yake alikuwa amemchukua kumnyonyesha. Televisheni haikuvunjika. Waliifunga tena mahali palepale, kwa kamba ileile, wakaongeza fundo moja.

SHAURI LA NAHODHA

Mwenye boti alitaka televisheni ya inchi 55, iwekwe palepale ubavuni, kwa sababu waya za umeme zilikuwa zimeshafika huko, na abiria wa sitaha wangeweza kuchungulia kupitia mlango. Nahodha, mzee wa umri wa miaka 60 na zaidi, alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema:

«Bwana, wewe ndiwe mwenye mali, nami siwezi kukukataza kununua kitu. Lakini televisheni yako inashika usukani wangu.»

Sote tulinyamaza. Akaendelea kutueleza. Kila mara filamu ilipoanza, watu waliokaa upande wa kulia walihama kwenda kushoto. Waliokuwa nyuma walisimama ili waone. Boti likainama kushoto, naye akalazimika kushika usukani kinyume usiku kucha ili chombo kiende sawa. Ukija upepo kutoka upande wa kulia, boti ambalo limekwisha kuinama huinama tena juu ya mwinamo wake.

Tuliomba ruhusa tupige hesabu, na wanafunzi wasomao habari hii wanaweza kuipiga pamoja nasi. Tuseme watu 40 wamehama, na kila mmoja ana kilo 60. Jumla yake ni kilo 2,400. Ni sawa na magunia 48 ya unga, ya kilo 50 kila moja. Nahodha gani angekubali magunia 48 yasiyofungwa yahame usiku kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule? Hata utingo wa siku yake ya kwanza angepiga kelele. Lakini watu wakihama kwa miguu yao wenyewe, tena wakicheka, hakuna anayeona kwamba ni shehena inayohama.

Kisha yapo madhara ya kusimama. Mtu akikaa chini, uzito wake uko karibu na sakafu. Akisimama, uzito wake hupanda juu. Watu wengi wakisimama pamoja, chombo kizima huwa kama mtungi uliojazwa shingoni, na kusukumwa kidogo kwatosha kuuangusha. Basi tukafahamu kwamba uzito wa televisheni si kilo zake tu. Lazima kuzihesabu pia kilo za watu inaowaita.

Mwenye boti alisema: «Mzee, hizo ni hofu za uzee. Boti hili halijawahi kuzama.»

Nahodha hakukasirika. Alijibu: «Mutambala nayo haikuwa imezama mpaka siku ile.»

Wasomaji wa pwani hii hawahitaji kuelezwa, lakini wa mbali pengine hawajui. Mwezi wa Desemba 2014 chombo kiitwacho MV Mutambala kilizama katika ziwa hili, kikiwa njiani kuja Uvira. Watu zaidi ya 120 walikufa. Viongozi walitaja upepo mkali pamoja na wingi wa abiria na mizigo. Hakuna aliyesema habari ya televisheni, wala sisi hatusemi. Twasema tu kwamba chombo kilichojaa sana hakina nafasi ya kusamehe kosa jingine, hata liwe dogo. Mwezi wa Oktoba 2024, baada ya kazi yetu hii, boti jingine lilipinduka katika ziwa la Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, likikaribia kufika, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya jamaa zao waliokuwa wakiwangojea ufukoni.

Siku ya kwanza iliisha hivyo, bila mapatano. Siku ya pili mwenye boti alikuja amepoa. Hakusema kilichombadilisha, nasi hatukuuliza. Alimwuliza nahodha masharti yake, naye akatoa manne.

La kwanza, televisheni iwe katikati kabisa, juu ya mstari wa mkuku, katika ukuta wa mbele wa chumba cha abiria, ili watu wakae nusu kulia na nusu kushoto. La pili, iwe chini kiasi cha kumwezesha mtu aliyekaa kuona vizuri, hata mtu asiwe na sababu ya kusimama. La tatu, iwe ndogo, maana kioo kikubwa huwaita na watu wa sitaha. La nne, iwepo swichi moja katika kibanda cha usukani, ya kuzima picha na sauti mara moja, ili akiwaita watu wamsikie.

Mwenye boti aliyakubali yote manne. Fedha zilizobaki kwa kuacha ile ya inchi 55, nahodha aliomba zinunue majaketi ya kuokolea. Hapo palikuwa na mvutano tena, mrefu kuliko wa kwanza, lakini mwisho wake yalinunuliwa majaketi, mengine ya kipimo cha watoto.

HESABU YA UMEME

Tulichagua televisheni ya inchi 32, ya namna inayouzwa pamoja na mitambo ya jua, ambayo hutumia umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka katika betri. Tuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni usalama. Televisheni ya zamani ilitaka volti 220, kwa hiyo palikuwa na konvertisa ya kugeuza umeme wa betri. Volti 220 katika chumba chenye maji sakafuni, watoto, na mikono iliyolowa, ni mgeni asiyefaa kukaribishwa kama anaweza kuachwa nje. Volti 12 hazimwui mtu kwa kumgusa, ingawa zaweza kuwasha moto waya zikigusana, na ndiyo maana fyuzi ni lazima.

Sababu ya pili ni uchumi. Kumbukeni kanuni ya shule: gawanya wati kwa volti, upate ampea. Televisheni ya zamani ilikula wati 90, na konvertisa ilipoteza nyingine njiani, hata betri ikawa inatoa karibu wati 105. Ukigawanya kwa 12, ni karibu ampea 9. Kwa saa sita za usiku ni ampea-saa 54. Betri ya risasi yenye ampea-saa 100 haifai kunywewa zaidi ya nusu yake, la sivyo hufa mapema. Maana yake usiku mmoja wa filamu ulipita kipimo. Televisheni mpya imeandikwa wati 36, yaani ampea 3. Kwa saa sita ni ampea-saa 18 tu.

Jambo lililotutia hofu zaidi ni kwamba betri ile ya filamu ilikuwa ndiyo betri ya kuwashia mashine na taa za njiani. Filamu ikiisha, na mashine ikizimika kwa bahati mbaya, boti halikuwa na nguvu ya kuiwasha tena. Tulitenga betri mbili. Moja ni ya mashine, taa na redio ya nahodha, na haiguswi na kitu kingine. Ya pili ni ya televisheni. Ikiisha, watu watalala, basi.

Tuliweka fyuzi karibu kabisa na betri, wala si karibu na televisheni, maana waya ikichubuka katikati, fyuzi iliyo mwisho wa njia hailindi kitu. Tuliweka pia kifaa cha kutuliza volti, kwa kuwa mashine inapochaji betri, volti hupanda kupita 14. Kutoka kwenye betri hadi kwenye ukuta wa mbele palikuwa na meta 8, kwenda na kurudi 16. Kwa waya nyembamba ya milimeta 1.5 za mraba, zaidi ya nusu volti ingepotea njiani. Tulitumia ya milimeta 4, na kilichopotea hakikufika robo ya volti.

KUIFUNGA UKUTANI

Nyuma ya televisheni za siku hizi kuna matundu manne ya skrubu, yaliyopangwa kwa kipimo kinachojulikana duniani kote. Katika yetu yalikuwa na nafasi ya milimeta 200 kati yake. Kwa hiyo mtu hununua chuma cha kushikia kilichotengenezwa kwa kipimo hicho, bila kutoboa televisheni yenyewe. Viko vyuma vyenye mkono wa kukunjua na kuzungusha. Hivyo vyafaa sebuleni. Watu wanaozunguka bahari katika mashua za tanga, ambazo huinama upande mmoja kwa saa nyingi, hutafuta namna ya kuufunga mkono huo usicheze. Sisi tulichagua chuma kisicho na mkono, kinachokaa karibu na ukuta na kuinamisha kioo kidogo tu kuwaelekea watu.

Televisheni ilikuwa na kilo 5 tu, lakini wimbi huongeza uzito wa kila kitu. Boti likishuka ghafula na kusimama, kilo 5 huvuta kama zimekuwa nyingi zaidi, tena mara maelfu kwa usiku mmoja. Aidha mashine hutetemesha mbao bila kukoma, na skrubu ya mbao hujifungua yenyewe polepole. Kwa hiyo hatukutumia skrubu katika ubao. Tulipigilia kwanza ubao mgumu wa kuvuka kati ya mataruma mawili, tukatoboa kwa keekee hadi upande wa pili, tukapitisha boliti nne, na kila upande tukaweka wosha pana ili chuma kisile mbao. Nati zilikuwa za namna ya kujifunga zisilegee. Kati ya chuma na ubao tuliweka vipande vya mpira wa gurudumu la zamani, vipunguze mtetemo. Mwisho mmoja wetu, mwenye kilo 70, alijining'iniza kwenye chuma kabla ya kuweka televisheni. Chuma hakikutikisika.

Waya haikuingia moja kwa moja kutoka juu. Tuliishusha chini ya tundu, kisha tukaipandisha, ikawa na tumbo kama kamba ya bembea. Maji yakifuata waya hudondoka kwenye tumbo lile, hayaingii ndani ya chombo. Ni jambo la bure, nalo limeokoa vyombo vingi. Nyuma ya televisheni tuliacha nafasi ya vidole vitatu, ili hewa ipite, maana unyevu wa ziwa huozesha chuma hata pasipo chumvi ya bahari.

Kisha tulifanya majaribio mawili kabla ya boti kuondoka. Tulimwomba nahodha aitazame dira huku tukiwasha na kuzima televisheni na spika zake, sindano haikusogea. Tulimwomba asikilize redio. Ikasikika kelele kama ya mafuta yanayokaangwa. Kelele hiyo ilitoka katika kile kifaa cha kutuliza volti. Tulikihamisha mbali na waya wa redio, tukasokota nyaya mbili za televisheni pamoja kama kamba, kelele ikaisha. Tuliweka pia pazia zito nyuma ya chumba, ili mwanga wa kioo usifike kwenye kibanda cha usukani. Usiku wavuvi wa ndagala hutanda ziwani na taa zao, na nahodha aliyepigwa na mwanga machoni hawezi kuona mtumbwi usio na taa.

SAFARI YA KWANZA

Tulisafiri na boti hilo mpaka Baraka, ili tuone kazi yetu ikifanya kazi. Kabla ya kuondoka Kalundu, televisheni haikuonyesha filamu. Ilionyesha picha za dakika nne tulizopiga kwa simu: msichana mmoja wa shule akivaa jaketi la kuokolea, akifunga mkanda, akimvalisha mdogo wake. Maneno yalisemwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kibembe. Watu walitazama kwa makini kuliko walivyotazama filamu, kwa sababu walimtambua msichana.

Baada ya saa kadhaa upepo wa kusini ulianza. Mpira ulikuwa ukionyeshwa, na watu walikuwa wamekaa pande zote mbili, sawasawa. Kwa ghafula kioo kikawa cheusi na sauti ikakatika. Nahodha aliita kutoka juu kwamba watu wakae walipo, wavae majaketi, watoto kwanza. Kijana mmoja alinung'unika kwa sauti kwamba zilibaki dakika kumi mchezo uishe. Mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa akimfunga mtoto wa jirani mkanda, alimjibu bila kugeuka: «Mwanangu, mchezo utautazama nchi kavu. Nipe lile jaketi lililo nyuma yako.» Kijana akalitoa, akabaki kumsaidia.

Mawimbi yalitupiga kwa muda wa saa moja na zaidi. Watu wengine walitapika. Boti lilipanda na kushuka, lakini halikulala ubavu. Upepo ulipopungua, nahodha hakuwasha televisheni tena, wala hakuna aliyeomba. Alfajiri tulifika Baraka, kila mtu akashuka na mizigo yake.

MANENO YA MWISHO

Wasomaji wengine watauliza ile televisheni ya zamani ilikwenda wapi. Utingo mmoja alitaka kuitupa ziwani. Tulimkataza. Kioo cha televisheni za namna ile kina risasi ndani yake, nayo ni sumu. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na maji yake mengi huondoka kwa mvuke. Kinachotupwa humu hukaa humu. Wala tusiivunje ovyo, maana kioo chake hupasuka kwa kishindo, na ndani yake umeme wa volti maelfu huweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Sasa iko katika karakana yetu, nasi twaitumia kuwafundisha vijana, tukitoa spea moja baada ya nyingine.

Kwa wenye maboti twasema: kabla ya kuuliza bei ya kioo, mwulizeni nahodha mahali pa kukiweka. Kwa mafundi wenzetu twasema: msikubali kutumia betri ya mashine kwa ajili ya filamu, hata mkiongezewa ujira. Na ninyi akina baba na akina mama, siku mtakapopanda chombo mkaona picha nzuri zinaonyeshwa upande mmoja na watu wote wanakwenda huko, wakalisheni watoto wenu upande wa pili, tena mwambieni baharia kwa upole kwamba chombo kinainama. Mkiingia, ulizeni kwanza majaketi yako wapi, na yale ya watoto ni mangapi.